Maradufu Kuliko Lini?

Nilipoambiwa nitakuwa kwenye kamati ya hesabu, nilidhani naibu mkuu wa chuo amenichanganya na mtu mwingine. Mimi hufundisha uandishi. Nimeufundisha katika chuo hiki cha Thika tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na watoto hao sasa wana watoto wao. Kazi yangu ni aya, ni koma, ni sentensi isiyojua inakoenda. Mimi na hesabu tuliachana kwa amani nilipomaliza kidato cha nne, na hakuna aliyewahi kumtafuta mwenzake.

"Sijakosea," naibu akasema. "Nimekutaka wewe haswa."

Akanieleza sababu. Viwanda vya hapa mjini huwachukua wanafunzi wetu kwa mafunzo ya kazi kila mwaka, na kwa muda mrefu vilikuwa vinalalamika, kwa upole lakini bila kukoma. Si kwamba wanafunzi hawajui kukokotoa. Mpe swali, atakupa jibu. Lakini mwambie aandike ripoti ya ukurasa mmoja, hapo ndipo mambo huharibika. Kijana mmoja alikuwa katika kiwanda cha kusindika matunda, akaandika kwamba mashine mpya ni "bora kwa kiasi kikubwa". Msimamizi akamuuliza, kiasi gani, na bora kuliko ipi? Kijana akabaki kuikodolea macho karatasi yake mwenyewe.

"Tukiwapa mtihani wa hesabu watapita," naibu akaendelea. "Lakini maishani nani anakuletea karatasi ya maswali? Nataka tusome wanachoandika, wakiandika mambo yao. Tuone kama wanajua ni wapi namba inahitajika, na wakishaiweka, kama wanajua inasema nini."

Basi ikaamuliwa hivi. Kila idara ingetoa nakala za insha na ripoti za wanafunzi wake, majina yakiwa yameondolewa na kila karatasi ikipewa alama ya siri ambayo naibu peke yake ndiye angeweza kuifungua. Kila insha ingesomwa na watu wawili, mmoja wa hesabu na mmoja wa uandishi. Kila mmoja angesoma kivyake, aweke daraja kuanzia moja hadi nne, nne ikiwa ya juu kabisa, kisha wawili hao walinganishe. Insha nyingi zilikuwa za Kiingereza, lakini sisi wasomaji tulibishana kwa Kiswahili, kwa hivyo hapa nitazisimulia kwa Kiswahili.

Mwenzangu alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye nilikuwa nikimsalimia kwenye ngazi kwa miaka mingi bila kumjua. Ni Sikh, mzaliwa wa Thika, kilemba chake hakikosi kunyooka hata siku ya upepo. Baba yake alikuwa na karakana ya vyuma kule eneo la viwanda, naye alikulia humo akicheza na watoto wa mafundi, ndiyo maana Kikuyu chake kina lafudhi nzuri kuliko cha wapwa zangu. Alikuwa na sifa ya ukali. Wanafunzi walisema ukimpa jibu sahihi kwa njia mbaya, atakutazama mpaka ujute kuzaliwa.

Tulipewa chumba kidogo kando ya maktaba, chenye dirisha linalotazama miti ya jakaranda. Asubuhi ya kwanza tulisoma kimya kimya. Nikafika kwenye ripoti ya mwanafunzi wa kilimo iliyonifurahisha sana. Iliandikwa kwa ufasaha, na kila aya ilikuwa na asilimia yake. Aliandika kuhusu kuku wa nyumbani kwao: lishe mpya, usafi wa banda, na mwisho, kwa herufi nzito, kwamba vifo vya vifaranga vilikuwa vimepungua kwa asilimia hamsini. Nikampa nne bila kusita.

Tukalinganisha. Yeye alikuwa amempa moja.

"Mwalimu," nikamwambia, "hata kama wewe ni mkali, huyu ameweka namba kila mahali!"

"Ameweka, Madam. Lakini asilimia hamsini ya vifaranga wangapi?"

Nikafunua kurasa za nyuma kumtafutia. Nikatafuta sana. Mwisho nikaipata, imejificha kwenye maelezo chini ya picha ya banda. Kabla ya lishe mpya walikufa vifaranga wawili. Baadaye akafa mmoja.

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Nilicheka hadi mtunza maktaba akagonga ukuta. Mwalimu wa hesabu naye akacheka, taratibu, mabega yakitikisika, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ule ukali wote ni wa usoni tu.

Nisiseme kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha mimi siku zote. Siku chache baadaye tulisoma insha ya mwanafunzi wa umeme aliyekuwa akiishi kwenye hosteli ya kupanga huko Ruiru. Hakuwa na jedwali wala asilimia. Aliandika kuhusu maji. Alisema wapangaji wote wanamlaumu mwenye nyumba kwa kuweka tangi dogo, lakini yeye amechunguza akaona siku za katikati ya wiki maji yanadumu hadi jioni hata vyumba vya juu, na Jumamosi yanakauka kabla ya chakula cha mchana. "Tangi ni lile lile," aliandika, "na wapangaji ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba Jumamosi sote tunafua. Tukigawana siku za kufua, huenda tusihitaji tangi lingine."

Nikampa nne. Mwenzangu akampa mbili.

"Hakuna hesabu hapa," akasema. "Ni hadithi nzuri, lakini hakuna hesabu."

Mimi naishi Ruiru. Shida ya maji naijua, na sentensi nazijua pia. "Isome tena," nikamwambia, "ila usitafute tarakimu. Angalia anavyolinganisha. Ameshika kitu kimoja kisibadilike, akashika cha pili kisibadilike, ndipo akaonyesha kidole kile kilichobadilika. Hata neno 'huenda' ameliweka mahali pake. Angeandika 'hatutahitaji tangi' ningempunguzia."

Akavua miwani. Akasoma tena kidole kikifuata mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akamwita Mungu kwa Kikuyu: "Ngai! Huyu kijana amechora grafu kwa maneno." Akafuta ile mbili, akaandika nne.

Kuanzia siku hiyo kazi ikawa tamu. Nilikuwa nikiamka na hamu ya kwenda kusoma, jambo ambalo mwalimu anayesahihisha insha miaka yote hii halitamki mbele ya watu wasije wakamdhania mgonjwa. Saa nne tulikunywa chai. Mwenzangu aliletewa na mkewe chapati zilizokunjiwa viazi, naye alinikatia nusu bila kuniuliza kama nina njaa. Tulikuwa na maswali yetu mawili ambayo tuliandika kwa chaki ubaoni: *Ya wangapi? Kuliko nini?*

Sasa nije kwenye insha ya uji.

Ilitoka idara ya walimu wa chekechea. Mwandishi alikuwa amepelekwa mazoezini katika shule ndogo ya nasari huko Landless, mtaa wa nyumba za bei nafuu ambako wazazi wengi hutoka alfajiri kwenda viwandani na sokoni. Watoto wengi walikuwa wakija bila kunywa chai, na wengine hawaji kabisa. Katikati ya muhula wa pili shule ikaanza kuwapikia uji wa wimbi saa nne. Mwanafunzi wetu aliandika habari hiyo kwa upendo: harufu ya uji ikiingia darasani, vikombe vya plastiki vya rangi nyingi, mtoto mmoja aliyekuwa akilamba kikombe mpaka pua ikaingia ndani. Kisha akaweka jedwali safi la mahudhurio, wiki moja kabla ya uji na wiki moja baada ya uji, akajumlisha, akagawanya, na kuhitimisha: "Uji umeongeza mahudhurio maradufu."

Mwenzangu alikagua hesabu yote. Ilikuwa sahihi. Akampa nne. Mimi nilikuwa nimeshampa nne tangu kwenye kikombe na pua. Tulipoona tumekubaliana tulipeana mikono na kufunga kazi ya siku.

Nikarudi nyumbani Ruiru kukiwa bado na jua. Mume wangu alikuwa uani, amekunja suruali, anazibua mtaro uliojaa udongo. "Huu uchafu wote ni wa ile wiki shule zilipofunguliwa," akanung'unika. "Ile ya mafuriko."

Nikasimama na kikapu mkononi. Wiki hiyo niliikumbuka vizuri. Barabara ya mtaa wetu iligeuka mto, na mimi mwenyewe sikufika kazini mpaka maji yalipopungua. Nikaanza kujiuliza, yule mwanafunzi alihesabu wiki ipi kabla ya uji? Nilikuwa nimesoma jedwali lake kwa makini, na bado sikulitazama jambo hilo.

Asubuhi nilifika kabla ya mwenzangu, nikaitoa ile insha kwenye rundo. Ilikuwa imeandikwa wazi juu ya jedwali: wiki ya kwanza ya muhula wa pili. Wiki ile ile. Na ya baada ya uji ilikuwa wiki ya katikati ya Julai, baridi lakini kavu, vumbi tupu.

Mwenzangu alipoingia nilimwekea karatasi mbele yake, nikamwambia habari za mtaro wa mume wangu. Alikaa chini, akaivuta karatasi karibu.

"Landless mvua ikinyesha unajua kukoje?" nikamuuliza.

"Najua. Udongo unamvua mtu kiatu. Hakuna mzazi atakayemtoa mtoto wa miaka minne." Akagonga meza kwa kalamu. "Tena ni wiki ya kufungua shule. Wengine walikuwa bado ushago, kule kijijini kwa bibi zao." Kisha akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Maradufu, sawa. Lakini maradufu kuliko lini?"

Tulishusha daraja hadi mbili. Ilituuma sote wawili. Nilimwendea naibu, nikamwomba atufungulie ile alama ya siri, kwa sababu mwanafunzi alikuwa bado huko Landless mazoezini na niliona si haki tumwache aendelee kuamini jambo ambalo halijathibitika. Akafikiri, akakubali.

Msichana alikuja siku iliyofuata baada ya kazi, amevaa sweta kubwa na viatu vyenye vumbi jekundu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alikuja akitabasamu kwa sababu alidhani tunampongeza. Tukampongeza kwanza, maana alistahili. Kisha nikamuuliza kuhusu ile wiki.

Tabasamu likaondoka. "Ile ya mvua?" akasema. "Aki, Madam, hata mimi siku ya kwanza nilibebwa na boda nikaangushwa kwa matope."

"Sasa ukilinganisha hiyo na wiki ya jua..."

Hakungoja nimalize. Aliziba mdomo kwa mkono. "Kwa hivyo uji haujasaidia?"

"Hatujasema hivyo," mwalimu wa hesabu akasema, kwa upole ambao sikuwa nimemsikia akiutumia. "Huenda umesaidia. Hujui bado. Na sisi hatujui."

Akatazama chini. Nilidhani ni aibu ya daraja, lakini haikuwa hiyo. "Mwalimu wangu mkuu ashaitumia hiyo sentensi," akasema. "Ameiandika kwa ombi la unga. Akina mama wa kanisa ndio walikuwa wanatupea, na sasa hawawezi peke yao, wameongea na kiwanda cha unga. Watu wa kiwanda wanakuja wiki ijayo kuona. Wanakuja kwa sababu ya hiyo maradufu."

Nje kengele ililia, wanafunzi wakapita kwenye ukumbi wakipiga kelele zao za *niaje* na *poa*, nasi watatu tumekaa kama tuliofiwa.

Siku iliyofuata nilikwenda naye Landless. Shule ile ni vyumba vya mabati vilivyopakwa rangi ya kijani, na uwanja mdogo wenye tairi za kurukia. Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene wa makamo, leso kichwani, aliyeianzisha shule hiyo sebuleni kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti kizuri kuliko chake. Nilipomaliza kueleza, alikuwa ameshasimama.

"Yaani umetoka huko chuoni," akasema, "kuniambia watoto wangu wakae njaa kwa sababu ya neno moja?"

"Sijasema wakae njaa, mama."

"Utasema nini tena? Mimi nawaona na haya macho. Uji umewasaidia! Sasa mnataka tuwaambie wageni kwamba hatujui?"

Sikuweza kumlaumu. Maana alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nilikuwa nimekalia kiti chake kizuri. Nilianza kujitetea kwa maneno marefu ya kichuoni, nikaona mwenyewe hayafai, nikayaacha.

Aliyeongea ni yule msichana. "Mwalimu, mvua za mwisho wa mwaka zitakuja. Zikija, watoto watapungua tena hata kama uji uko. Kiwanda kitauliza, maradufu yenu imeenda wapi? Hapo tutawaambia nini? Watasema uji umeshindwa, na si uji, ni matope."

Mwalimu mkuu akamtazama. Nje mtoto alikuwa akiimba herufi, anarudia moja mara nyingi.

"Nipe siku chache nihesabu upya," msichana akasema. "Nitachukua wiki za jua za muhula wa kwanza, kabla ya uji, nilinganishe na wiki za jua za sasa. Kukiwa na tofauti nitaandika. Kusipokuwa na tofauti, nitaandika hakuna."

"Na kusipokuwa na tofauti?"

"Basi tutawaonyesha wageni watoto wakinywa, Mwalimu. Hiyo si uongo."

Yule mama alikaa polepole. "Haya," akasema. "Andika." Kisha akanigeukia, bado amekunja uso. "Na wewe utakuja hiyo siku. Usituachie wageni peke yetu."

Nilirudi siku ya wageni, na mwalimu wa hesabu alikuja nami, ingawa hakuna aliyemwita. Walikuja akina mama wa kanisa wenye sare zao, na kutoka kiwandani alikuja meneja, mwanamke Mwislamu wa makamo, mtandio wa rangi ya kahawia kichwani, aliyeongea kidogo na kutazama sana. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakitufika kidevuni. Msichana akasimama mbele na karatasi yake.

Alisoma kwamba sentensi iliyokuwa kwenye ombi haikuwa sawa, na akaeleza kwa nini: wiki ya mvua, wiki ya kufungua. Nikaona akina mama wakitazamana. Kisha akasema alivyohesabu upya. Akilinganisha wiki kavu na wiki kavu, watoto wameongezeka, lakini si maradufu. Walioongezeka ni wa kujaza benchi moja. "Inawezekana ni uji," akasoma, "na inawezekana wengine wamekuja kwa sababu nasari ya jirani imefungwa. Wawili kati yao najua walitoka huko."

Halafu akasoma sentensi ambayo nimeitumia darasani mara nyingi tangu siku hiyo, kwa ruhusa yake: "Walimu wote wanasema watoto hawalali tena darasani kabla ya saa sita kama zamani. Jambo hili sikulipima kabla ya uji kuanza, kwa hivyo siwezi kuonyesha kwamba limebadilika. Naweza tu kusema kwamba wanaokaa nao kila siku wameliona."

Akakunja karatasi. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama paa.

Meneja akauliza, "Kwa nini umeandika kwamba hukupima?"

"Kwa sababu sikupima," msichana akajibu.

Mama mmoja wa kanisa akaangua kicheko, wa pili akamfuata, na hata meneja akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Mimi nasoma maombi mengi," akasema. "Kila mtu maradufu. Kila mtu mara tatu. Sijui nimwamini nani." Akamgeukia msichana. "Sasa anzeni kupima hilo la kulala. Sisi tutaleta unga mpaka mwaka uishe, halafu utuandikie tena ulichoona. Hata kama ni kidogo."

Mwalimu mkuu aliinuka ghafla akatoka. Nilidhani bado ana hasira. Akarudi akiwa ameshika sufuria kubwa kwa vitambaa viwili, nyuma yake mstari wa watoto wenye vikombe, na sote tukanywa uji, wageni na wenyeji. Mwalimu wa hesabu alipewa kikombe cha rangi ya waridi chenye picha ya bata. Mtoto mmoja alimwendea, akakigusa kilemba chake kwa kidole kimoja, akamuuliza kama kinauma. "Hakiumi," akamjibu kwa Kikuyu, "kinanipa joto." Mtoto akakubali jibu hilo akarudi kwenye uji wake.

Mwalimu mkuu alinishika mkono nilipokuwa naondoka. "Nilikutukana moyoni," akasema.

"Najua, mama."

"Sijaacha kabisa," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Tuliporudi chuoni nilikuwa na furaha nyingi, nikamwambia mwenzangu tuipandishe ile insha. Nilikuwa na hoja zangu tayari: msichana amejifunza, ameandika upya, ameandika vizuri kuliko wote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hapana, Madam."

"Kwa nini? Umemsikia mwenyewe!"

"Nimemsikia, na nimefurahi kama wewe. Lakini wengine hawakuitwa, hawakupewa nafasi ya pili. Tukipandisha yake peke yake, tutakuwa tumefanya kile kile tulichomkataza. Tutakuwa tunalinganisha wiki ya jua na wiki ya mvua."

Nilinuna mpaka wakati wa chakula. Tulikwenda mkahawa wa karibu na lango, tukala chapati na ndengu, nami nikakiri moyoni kwamba anasema kweli, ingawa sikumwambia hadi tulipoagiza chai. Insha ikabaki na mbili yake. Msichana mwenyewe nilipomweleza alisema tu, "Si hiyo ndiyo niliandika wakati huo?" Na mambo yakaishia hapo.

Tulipowasilisha matokeo mbele ya wahadhiri wote, hatukuleta mambo ya kutisha. Tulisema wanafunzi wengi wanajua kukokotoa, na wengi hawajiulizi namba inalinganishwa na nini. Tukasema pia kwamba baadhi ya walioandika bila tarakimu hata moja walikuwa wanafikiri kihesabu kuliko waliojaza ukurasa. Mwalimu wa ufundi wa mabomba akainua mkono. "Kwa hivyo sasa na mimi nifundishe insha?" Watu wakacheka. Mwenzangu akamwambia afundishe mabomba vile vile, ila mwanafunzi akiandika "maji yameongezeka", amuulize maswali mawili kabla ya kumwekea alama. Baada ya wiki chache nilipita karakana ya mabomba nikasikia sauti ya mwalimu yule ikitoka dirishani: "Kuliko nini? Nimesema, kuliko nini?" Nikaendelea na safari yangu nimeridhika.

Msichana wa uji alihitimu. Kabla ya hapo alikiandikia kiwanda kama alivyoahidi. Aliandika kwamba mvua zilipokuja watoto walipungua, tena sana, lakini waliofika hawakulala. Kiwanda kikaendelea kuleta unga. Siku hizi anafundisha nasari huku Ruiru, si mbali na kwangu, na Jumamosi moja nilimkuta sokoni akichagua nyanya. Aliniambia darasa lake linapima vivuli vyao uwanjani asubuhi na mchana, na mtoto mmoja amekataa katakata kuamini kwamba kivuli kifupi ni chake. "Anasema kimebadilishwa," akasema, tukacheka pale katikati ya watu hadi mwuza nyanya akatuuliza kama tunanunua au tunapumzika.

Kamati yetu imeendelea, na sasa tuko wengi. Mwalimu wa mabomba amejiunga kwa hiari yake na ndiye mkali kuliko wote. Mimi bado siwezi kugawanya namba kubwa kichwani, na hakuna anayenitaka niweze. Juzi nilikuwa nimekaa dirishani na rundo jipya, chai kando, mwenzangu upande wa pili wa meza anasoma huku akiguna. Ghafla akainua karatasi. "Madam, sikiliza huyu anavyoanza," akasema, akaanza kunisomea, nami nikaweka kalamu chini nisikilize.